Biblia ilikuwa wazi kwenye Isaya, naye akasoma Zaburi

Shikamoo dada,

Barua hii nimeiandika mara tatu kwenye simu na mara tatu nimeifuta. Leo nimejifungia bafuni, mashine ya kufulia inazunguka nje ya mlango, kwa hiyo hata nikilia hakuna wa kusikia. Jina langu tafadhali lisitokee.

Mimi ni mama wa watoto 8, tunaishi Texas. Asili yetu ni Fizi, Kongo, ila mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikaolewa hapo hapo kambini. Tulipopata safari ya kuja Marekani tulikuwa na watoto watatu, wa tatu nimembeba mgongoni. Watano wamezaliwa huku. Kifungua mimba ni binti, ana miaka 17. Anafuata wa kiume 15, binti 13, wa kiume 10, binti 8, mapacha wa miaka 5, na kitinda mimba wa miezi 9. Baba watoto akiulizwa kama wametosha hujibu kwa Zaburi ya 127, kwamba heri mtu aliyelijaza podo lake. Watu hucheka, nami hucheka.

Watoto wetu hawaendi shule. Mwaka 2020 corona ilipofunga shule, walisomea mezani kwetu kwenye kompyuta walizopewa, baba yao akawa anapita anasikiliza. Mengine aliyosikia hayakumpendeza. Na huyu wa pili alikuwa ameshaanza kurudi nyumbani na nguo zilizochanika kwa sababu ya kuchekwa lafudhi. Basi familia moja ya Wamarekani, wana watoto 11, wakatualika chakula cha jioni. Kitoto chao cha miaka 6 kilitaja vitabu 66 vya Biblia bila kukosea. Tukiwa kwenye gari tunarudi, baba watoto akasema, "Na sisi tutafanya hivi." Sikumpinga. Ukweli ni kwamba hata mimi nilitamani. Mwaka uliofuata tukaandika barua ya kuwatoa. Huyu wa miaka 10 hajawahi kukanyaga darasa la shule.

Siku yetu iko hivi. Baba watoto anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku. Anaingia saa moja asubuhi, anaoga, saa moja na nusu tunakuwa wote sebuleni kwa ibada: wimbo, kusoma kwa zamu, maombi. Uji ninaupika sufuria ile kubwa ya misiba, na galoni ya maziwa haimalizi siku. Saa tatu baba anaingia kulala mpaka saa tisa alasiri, na saa tatu hiyo hiyo shule inaanza. Mwisho mmoja wa meza hisabati, mwisho mwingine mapacha na rangi zao, mimi na mtoto mgongoni natoka jikoni narudi jikoni. Nyumba yetu ina sheria moja inayozipita zote: baba amelala. Watoto wanajua kuulizana swali kwa vidole. Kila mmoja ana vitabu vyake vya mazoezi, anajaza kurasa za siku, dada yao mkubwa anasahihisha na kuweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Kiingereza changu ni cha dukani, kwa hiyo wadogo wanafundishwa naye. Jumanne tunakwenda kwenye ushirika wa familia zinazosomesha nyumbani, watoto wanaimba na kucheza mpira. Wageni wakija huniambia hawajawahi kuona nyumba ya watoto 8 yenye utulivu hivi. Nilikuwa najisikia fahari sana.

Wiki nne zilizopita, Jumapili jioni, ilikuwa zamu ya huyu wa miaka 10 kusoma. Akasoma Zaburi ya 23. "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Alisoma vizuri, kidole kikifuata mstari, akipumzika panapotakiwa. Kitinda mimba akalia nikanyanyuka kumchukua, nikapita nyuma ya kiti cha kaka yake. Biblia ilikuwa wazi kwenye kitabu cha Isaya. Kidole kilikuwa juu ya habari za Moabu.

Kesho yake nikamwita kwenye gari, nikamwandikia MEZA kwenye bahasha. Hakuangalia bahasha. Aliniangalia mimi usoni, akabahatisha: "Mama?" Nikaandika jina lake, akalisoma. Nikaandika BABU, akainamisha kichwa.

Nikaenda kwenye vitabu vyake vya mazoezi. Vimejaa, kurasa zote. Lakini herufi ya g ina mkia ule wa dada yake. Nilipomuuliza binti yangu, alilia mpaka akashindwa kusema. Baadaye akaniambia, "Mama, nisingejaza, ungekuja kumfundisha usiku wewe mwenyewe, na ulikuwa na mimba." Yule wa miaka 8 naye alijua. Kumbe ndiye anayemnong'oneza kaka yake.

Baba watoto hajui. Ni mzee wa kanisa. Mwaka jana alisimama kwenye mkutano akashuhudia kwamba watoto wake wote, ukiacha wale wachanga, wanasoma Neno wenyewe, na baada ya ushuhuda ule familia tatu za kwetu zimetoa watoto shuleni. Dada yangu aliyebaki Kigoma ananiambia kwa simu niwarudishe wote shule kesho asubuhi, kwamba nimepumbazwa na Wazungu. Rafiki yangu wa ushirika ananiambia nitulie, kijana wake alisoma akiwa na miaka 11 na leo anasoma vitabu vinene. Nami naogopa kwamba nikienda kuuliza shuleni, serikali itaandika jina langu na kuja kuchukua watoto. Sisi tuliotoka kambini tunaijua karatasi yenye jina lako.

Je, nimwambie mume wangu? Au nimfundishe mtoto kimyakimya mpaka ajue, yaishe bila mtu kuaibika?

Mama wa Wanane, Texas

*

Marahaba, mdogo wangu. Na pole. Naamini mashine haikumaliza kuzunguka kabla hujamaliza kulia.

Umeniuliza kama umwambie mumeo. Nitafika huko. Ila niseme kwanza nilivyoielewa barua yako, unirekebishe nikikosea: una mtoto wa miaka 10 asiyejua kusoma na ambaye kwa miaka kadhaa amefanya kazi kubwa ili usigundue, una binti wa miaka 17 aliyemsaidia kuficha kwa sababu alikuwa anakuhurumia wewe, una mume aliyetoa ushuhuda akiamini ni kweli, na wewe umelibeba lote kwa wiki nne huku unakoroga uji. Aibu unayoiogopa imegawanyika kwa watu wanne, na kila mmoja ameishika peke yake. Hata yule wa miaka 8 ana kipande chake.

Barua yako niliisoma jana usiku nikailaza. Leo asubuhi nimeirudia ndipo nikagota kwenye mstari ambao wewe uliuandika kwa fahari, kwamba watoto wanaulizana maswali kwa vidole. Mtoto hujifunza kusoma kwa mdomo. Anatamka, anakosea, anasikia kosa lake, mtu aliye karibu anamwambia "rudia hapo." Kwenu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri hakuna anayetamka kitu, na baada ya saa tisa, nina hakika, ni kupika, kufua, na baba ameamka kila mtu ana neno naye. Sasa niambie, huyu mtoto alikuwa asome kwa sauti saa ngapi? Mahali pekee palipokuwa na sauti ni kwenye ibada, mbele ya watu tisa, akiwemo baba. Pale hakuna anayejaribu. Pale unaleta kile unachokijua tayari. Naye akaleta Zaburi ya 23.

Sisemi hilo ndilo chanzo cha yote. Nasema kabla hujaamua kwamba elimu ya nyumbani imeshindwa, au kwamba wewe umeshindwa, tazama kwanza kama nyumba yenu imewahi kuwa na nafasi ya kusomea kwa sauti. Kitabu cha mazoezi kilichojaa kinaonyesha kwamba kimejaa tu. Umeligundua hilo kwa mkia wa g.

Rafiki yako wa ushirika hakudanganyi. Katika miaka ya 1970, watu walioanza kuhimiza elimu ya nyumbani Marekani walikuwemo Raymond na Dorothy Moore, mume na mke Waadventista Wasabato, waliokuwa wakifundisha kwamba mtoto asiharakishwe masomo rasmi, asubiri mpaka miaka 8 au hata 10. Mawazo yao yalienea sana kwenye nyumba za Wakristo, ndiyo maana mpaka leo utasikia akina mama wakiambiana "atasoma wakati wake." Wapo watoto wanaochelewa kisha wakafungua kama ua. Lakini mtoto ambaye bado hajapenda vitabu huonekana: anatoroka mezani, anacheza na mende, anakuambia wazi hataki. Wako hatoroki. Wako anakaa, anafungua Biblia, anapitisha kidole. Anataka sana kuonekana anasoma. Kwangu mimi hiyo si dalili ya mtoto anayesubiri wakati wake, ingawa sijamwona na wewe ndiye unayemjua.

Dada yako naye ana haki ya kushtuka, na ningekuwa Kigoma pengine ningepiga kelele kama yeye. Ila nimkumbushe kitu kimoja. Mimi nimesoma shule ya msingi Tanzania, darasa la watoto zaidi ya 80, madawati matatu kwa watoto kumi na kitu. Walikuwepo waliofika darasa la saba hawajui kusoma. Walikaa nyuma, mwalimu akisema "wote," wakaitikia na wote. Walikuwa na Zaburi ya 23 yao, na palikuwa na mwalimu, kengele na bendera. Kumpeleka mtoto shule kunaweza kumsaidia sana, na kunaweza pia kumpa tu kiti cha nyuma cha kujifichia.

Sasa jambo ambalo ningelianza mimi, kwa kuwa halihitaji ruhusa ya mtu wala kalamu ya serikali. Mmekuwa mkimfundisha kusoma kwa Kiingereza, lugha ambayo hata Waingereza wenyewe hawakubaliani nayo jinsi ya kuiandika. Wewe ulifundishwaje? Bila shaka a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Herufi haimgeuki mtu. Chukua wiki tatu, dakika 15 kila siku, kwenye gari lile lile mlilokaa na bahasha, milango imefungwa, msome kwa sauti mnayotaka. Ba na ba ni baba. Usimwandikie MEZA kumtega. Mwandikie mkiwa pamoja. Kuwe na wewe na yeye tu. Dada yake mpumzishe, na yule mnong'onezaji mtafutie kazi nyingine.

Akianza kuunganisha silabi ndani ya wiki hizo, utajua alikosa kufundishwa, na hilo linatibika. Akikwama kwenye ba be bi, leo anajua kesho amesahau, anageuza b kuwa d kila mara, herufi zinamhama, basi huenda kuna kitu kingine. Anza na macho na masikio, mpeleke kwa daktari. Kisha kuna kinachoitwa disleksia, ambapo akili ni nzima kabisa lakini ubongo unapata tabu kuoanisha herufi na sauti. Mtoto anayeweza kushika zaburi nzima kwa kusikia, pamoja na mahali pa kuvuta pumzi, akili yake haina kasoro, hilo tuliweke pembeni.

Hapo ndipo hofu yako ya serikali inapoingia, na sitaki kuipuuza, maana najua imetoka wapi. Texas ni moja ya majimbo yanayoziachia familia uhuru mkubwa zaidi. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya jimbo hilo ya mwaka 1994, familia inayosomesha nyumbani kwa dhati huhesabiwa kama shule binafsi: hakuna kujiandikisha, hakuna mtihani, hakuna mkaguzi, mradi mfundishe kwa nia njema kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Nadhani uhuru huo mumeo anaupenda. Lakini uone na upande wake wa pili: ndio uliomfanya mtoto afike miaka 10 bila mtu wa nje kukuambia chochote. Mkiamua kuendelea, jicho hilo la nje itabidi mlitafute wenyewe.

Na jicho mojawapo liko. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inazitaka wilaya za shule ziwapime bure watoto wanaodhaniwa kuwa na shida ya kujifunza, hata wale wasiosoma kwenye shule zao. Unaandika barua fupi kuomba kijana wako apimwe. Huko Texas wilaya ina siku 15 za shule kukujibu, na mkikubaliana na ukatia sahihi, ina siku 45 za shule kukamilisha upimaji. Omba mkalimani wa Kiswahili, na usisitize mtoto asipimwe kwa Kiingereza peke yake, maana anaishi kwa lugha mbili. Mzazi anayeomba hivyo anafanya kile hasa ambacho sheria inamtarajia afanye. Mimi si wakili, na nisingekuahidi kwamba hakuna ofisa hata mmoja atakayekuuliza swali la kuudhi. Ukiona wasiwasi hauishi, nenda na mtu wa shirika lililowapokea mlipofika, au mwanasheria wa msaada, kabla ya kuandika barua. Na ujue hili pia: majibu yakitoka kwamba anahitaji mwalimu maalumu, huduma kamili kwa kawaida hupewa mtoto aliyeandikishwa shuleni. Anayebaki nyumbani hupata kidogo, au hapati. Kwa hiyo kipimo chenyewe kinaweza kukurudisha kwenye swali la shule, na ni vizuri ulione linakuja.

Kumpeleka huyu mmoja tu shule, wengine wabaki? Familia nyingi hufanya hivyo, si usaliti. Hatari yake ni mbili ninazoziona mimi. Akiingia akiwa na miaka 10 atapangwa na wenzake wanaosoma aya nzima, na mtihani wa jimbo, STAAR, huanzia darasa la tatu, kwa hiyo hatachelewa kukutana nao. Na nyumbani anaweza kuona kwamba ndiye aliyefukuzwa kwenye meza. Lakini vilevile anaweza kukutana na mwalimu mmoja aliyefundisha watoto kama yeye kwa miaka 20, ambaye baada ya nusu saa anajua pa kuanzia. Sijui lipi litatokea. Unaweza kwenda kuiona shule kwanza, ukae na mwalimu wa kusoma, umuulize atamfanyaje mtoto kama huyu, usikilize kama ana jibu au ana tabasamu tu.

Sasa mumeo.

Njia ya kumfundisha kimyakimya naielewa, na ina heshima yake. Mwanamke amefunika mengi ili nyumba isimame. Na huenda ikafanya kazi: miezi sita ipite, mtoto asome kweli, na ushuhuda wa baba uwe kweli kwa kuchelewa. Angalia tu itakachogharimu. Watoto watatu tayari wanaficha. Ukijiunga nao, mnakuwa wanne dhidi ya mtu mmoja anayelala chumba cha pili, na huyu wa miaka 10 atakuwa amejifunza kutoka kwa mama yake kwamba kweli jambo hili ni la aibu kiasi hicho. Na siri za watoto wa miaka 8 hazina kufuli. Mumeo anaweza kuisikia kwenye Jumanne ya ushirika kutoka kwa mtu mwingine. Hapo hataumizwa na kusoma kwa mtoto. Ataumizwa na wewe.

Kumwambia nako kuna hatari, nisikudanganye. Anaweza kukasirika, akamlaumu binti yenu, akaona umemwaibisha. Wewe unamjua mkono wake na ulimi wake. Kama unahofia mtu atapigwa, niandikie tena kabla ya kufanya lolote, hiyo ni barua nyingine. Kama hofu yako ni kwamba atanyamaza siku tatu na kuumia moyo, hilo mmeshapitia makubwa kuliko hilo, kambini na barabarani.

Nimejiuliza kama umempima sawasawa. Umenieleza mzee wa kanisa aliyesimama kwenye mkutano. Lakini kwenye barua hiyo hiyo kuna mwanamume anayetoka usiku kucha kiwandani, harufu ya kuku haijamtoka, na badala ya kwenda kulala anakaa sebuleni na watoto wake. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamtaka mzazi awafundishe watoto wake kwa bidii, aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Nadhani analipenda agizo hilo kwa dhati, na nadhani hajui kwamba usingizi wake ndio umeizima sauti ya shule yake mwenyewe. Naye hajafanya kosa kulala. Mtu wa zamu ya usiku asipolala anakufa. Lakini hilo ni jambo la kupangwa na watu wawili: shule ihamie jioni? Wadogo wasomee maktaba ya mji asubuhi? Achukue yeye nusu saa ya kusoma na kijana kila anapoamka? Huwezi kulipanga peke yako bafuni.

Ukiamua kumwambia, nisingelileta kwenye ibada, wala asubuhi macho yakiwa mazito. Siku yake ya mapumziko, watoto kwa jirani. Anza na zaburi, mwambie jinsi alivyoishika yote. Kama anapenda kuongozwa na Maandiko, mkumbushe Kutoka sura ya 18, Yethro alipomkuta mkwewe Musa anawaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia kazi hii inakuzidi uzito, huwezi peke yako. Musa hakuaibika kwa kusaidiwa na baba mkwe. Kuhusu zile familia tatu, waachie wakati. Pengine siku moja ushuhuda wa pili utawafaa kuliko wa kwanza, maana sidhani kwamba ni kwenu tu ambako vitabu vya mazoezi vinajazwa na dada. Ila huo ni wa kwake kuutoa, akitaka.

Nimemweka binti yako mwisho, na nimeona kwamba hata wewe ulimweka hivyo, katikati ya habari za mdogo wake. Ana miaka 17. Anafundisha watatu, anasahihisha, anaweka alama kwenye friji, na uongo wake wote alioufanya aliufanya ili mama mjamzito alale. Kwetu kifungua mimba ni mama mdogo, mimi mwenyewe nimebeba wadogo mgongoni mpaka mbavu zikapinda, na sioni kama niliharibika. Lakini mimi saa mbili asubuhi nilikuwa naenda shule. Yeye anakwenda wapi? Barua nzima hujaniambia anachopenda, anachosoma yeye, anachotaka kufanya mwakani. Inawezekana unajua hukuona haja ya kuandika. Cheti cha kumaliza shule ya nyumbani Texas hutolewa na wazazi wenyewe, na vyuo vya umma vya jimbo vinatakiwa kumpokea kama mwombaji mwingine yeyote, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila anahitajika mtu wa kukaa naye na kuandika masomo aliyosoma miaka hii, kwa sababu kurasa nyingine alizojaza ni za mdogo wake.

Muulize, lakini si mkiwa mnaosha vyombo. Mkiwa mnaosha vyombo atakujibu kile unachotaka kusikia, amezoea. Mchukue peke yake kwenye gari, mwende hata kununua maziwa, maana najua yameisha.

Ukipata nafasi, niandikie wiki tatu za ba be bi zimeendaje. Na unijuze jambo moja ambalo halinitoki: Zaburi ya 23 ina mistari sita. Huyo kijana aliisikia wapi mara nyingi kiasi hicho, na ni nani aliyekuwa akimsomea?